Uvundo wa AC ya Gari: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Uvundo unaotoka kwenye matundu ya AC ya gari, mara nyingi mno, husababishwa na maji yaliyokosa njia ya kutoka au yaliyokosa muda wa kukauka. Wenye magari wengi katika miji ya pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, huanza kwa kuning'iniza marashi chini ya kioo cha kutazamia nyuma, kisha hupuliza dawa yenye manukato kwenye matundu, na mwishowe humwendea fundi ambaye huwashauri waongeze gesi. Hatua zote tatu hugharimu fedha, na hakuna hata moja inayoyagusa maji hayo. Gesi ya R-134a, ambayo ndiyo iliyomo katika magari mengi tunayoyaendesha, huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haikutani kabisa na hewa tunayoivuta, kwa hiyo kuiongeza kunaweza kurudisha ubaridi lakini hakuondoi harufu. Mwongozo huu unaanza na harufu yenyewe na wakati inapotokea, unaendelea hadi mahali penye unyevu, na ndipo unapofika kwenye usafishaji.

Mahali maji yanapotoka

Nyuma ya dashibodi kuna evapureta, yaani kifaa cha alumini chenye mapezi membamba yaliyobanana, ambamo gesi hupoza hewa inayosukumwa na feni. AC inapofanya kazi, uso wa evapureta hushuka hadi nyuzijoto chache tu juu ya sifuri. Hewa yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaifahamu vizuri wakati wa masika, hubeba takribani gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo, ilhali hewa iliyopozwa hadi nyuzijoto 5 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7 hivi. Tofauti hiyo ya gramu 17 hugeuka kuwa matone juu ya mapezi, hutiririka hadi kwenye trei iliyo chini ya evapureta, na hutoka nje kupitia mpira mfupi unaopenya ukuta uliopo kati ya injini na chumba cha abiria. Maji yanayodondoka chini ya gari lililosimama huku AC ikiwaka ni dalili njema, na anayeyaona hana haja ya kukimbilia gereji.

Tatizo huanza pale vumbi, chavua, nywele na nyuzi za mazulia zinaponata kwenye mapezi hayo yenye maji. Injini inapozimwa, evapureta hubaki mbichi ndani ya boksi la plastiki lisilopitisha hewa, katika gari lililoegeshwa juani, na mazingira hayo ya joto, giza, unyevu na uchafu ndiyo ukungu na bakteria huyahitaji ili kustawi. Magari yanayosafiri mara kwa mara katika barabara za vumbi za bara kisha yakarudi kukaa pwani hupata shida hii mapema zaidi, kwa sababu hupokea vumbi upande mmoja na unyevu upande mwingine.

Jaribio la asubuhi

Kabla ya kufungua kitu chochote, lipime gari asubuhi likiwa limelala usiku mzima na vioo vimefungwa. Fungua mlango na uvute hewa ya ndani kabla hujawasha chochote. Ikiwa uvundo umekwisha kujaa wakati huo, shuku sakafu, viti au sehemu ya mizigo kabla ya kushuku AC. Baada ya hapo acha milango wazi kwa dakika kadhaa hadi hewa ibadilike, kisha washa feni peke yake, kitufe cha A/C kikiwa kimezimwa, na uchague kuingiza hewa ya nje. Harufu ikitokea hapa, angalia sehemu hewa inapoingilia chini ya kioo cha mbele, pamoja na filta na feni. Badili uweke kuzungusha hewa ya ndani na ulinganishe. Sasa washa A/C na usubiri: uvundo unaotoka kwa nguvu katika dakika za kwanza kisha ukafifia kadiri hewa inavyozidi kuwa baridi ni wa evapureta, na utauthibitisha kwa kuzima A/C huku ukiiacha feni iendelee, kwani mapezi yanapoanza kupata joto maji yaliyoyashika huanza kuwa mvuke na harufu hurudi kwa ukali. Mwisho, peleka kitufe cha joto hadi upande wa moto kabisa. Madereva wengi wa pwani hawakigusi mwaka mzima, lakini jaribio hili ndilo linalofichua uvujaji wa kulanti, yaani maji ya kupozea injini.

Inafaa majaribio haya yafanywe na mtu mwingine pamoja nawe, kwa kuwa pua ya anayeliendesha gari kila siku huzoea harufu yake na huacha kuitambua.

Harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi

Hii ndiyo harufu ya kawaida, nayo ni ya ukungu na bakteria. Ikiambatana na upepo hafifu hata feni ikiwekwa kwenye namba ya juu, anza na filta ya hewa ya ndani. Katika magari mengi ya Toyota filta hiyo ipo nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria: unaifungua droo, unachomoa kijiti kinachoizuia isianguke ghafla, unabana kuta zake mbili kwa ndani ili vishikizo vipite, kisha unaliona kasha la plastiki lenye kifuniko cha kubonyeza. Vuta filta polepole na uilaze bapa, kwa sababu ukiiinamisha, majani na mchanga ulio juu yake utaangukia ndani ya feni. Filta mpya ni nyeupe au ya kijivu hafifu. Filta iliyochoka huwa na mistari ya vumbi jekundu ndani ya mikunjo, vipande vya majani, mbawa za wadudu, na pengine madoa meusi ya ukungu sehemu zilizoloa. Kuipiga kwenye tairi au kuipuliza kwa upepo hakutoshi, kwa kuwa vumbi laini limeshaingia ndani ya kitambaa chenyewe, nao ukungu hauondoki kwa kupigwapigwa. Nunua mpya, na unapoiweka zingatia mshale ulioandikwa pembeni ili uelekee upande uleule wa filta ya zamani. Kwa matumizi ya kawaida filta hubadilishwa kila mwaka au kila baada ya kilomita 15,000 hivi, ila kwa barabara za vumbi muda huo ni mrefu mno.

Baadhi ya magari ya miaka ya nyuma yaliyoingizwa kutoka Japani hayakuwekewa filta kabisa kiwandani. Ukifungua kasha ukalikuta tupu, basi vumbi lote lililoingia tangu gari litengenezwe limekwenda moja kwa moja kwenye feni na evapureta, na hapo kuweka filta peke yake hakutamaliza uvundo uliokwishajijenga ndani.

Ukiwa umeitoa filta, mulika tochi ndani. Katika magari mengine utaiona evapureta yenyewe, na katika mengine utaliona gurudumu la feni lenye vijipanga vingi vilivyosimama wima. Pitisha kidole kwenye kijipanga kimoja, na ikiwa kidole kinatoka na tope zito lenye unyevu, feni hiyo imekuwa ikipuliza uchafu kila siku na inastahili kutolewa na kuoshwa. Kwa kawaida hushikwa na skrubu tatu na plagi moja ya umeme. Osha gurudumu la plastiki kwa brashi laini na maji ya sabuni, uhakikishe mota haipati maji, na ulikaushe kabisa kabla ya kulirudisha.

Zulia bichi, au sauti ya maji ukikata kona

Dalili hizi zinahitaji kushughulikiwa siku hiyohiyo. Ikiwa unasikia maji yakicheza nyuma ya dashibodi unapokata kona au kushika breki, au ukikanyaga zulia upande wa abiria mguu unapata unyevu, au AC inapoza vizuri lakini hakuna tone linaloonekana chini ya gari, basi mpira wa kutolea maji umeziba, umekunjwa au umechomoka. Trei hujaa, evapureta hulowa upande wa chini, na maji hufurika kuingia sakafuni.

Mpira huo unafikiwa kwa chini. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye matairi na utumie stendi imara, kwa maana jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa mtu anapolala chini ya gari. Tafuta mpira mweusi mfupi, mara nyingi wenye kona, unaotokeza kwenye ukuta wa chuma karibu na mahali miguu ya abiria wa mbele inapokaa. Usiuchanganye na mipira minene ya maji ya moto ya hita iliyo juu yake, ambayo imebanwa kwa vibanio na ina maji yenye shinikizo. Mdomo wake huziba kwa tope la kijivu linaloteleza, lililochanganyika na nyuzi za zulia na mabaki ya majani, na wakati mwingine nyigu huwa amejenga humo kiota cha udongo. Pia hutokea kwamba aliyepaka rangi nzito ya kuzuia kutu chini ya gari amepita na brashi yake juu ya mdomo huo.

Mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki ni kifaa kizuri sana kwa kazi hii, kwa sababu hupinda kwenye kona na haukwaruzi. Usitumie waya wa chuma, kwani evapureta haiko mbali na alumini yake ni nyembamba. Kufyonza uchafu kutoka chini kwa mashine ya kufyonzea maji ni bora kuliko kupuliza, kwa maana upepo wenye nguvu wa kompresa ya gereji unaweza kurusha tope juu hadi kwenye feni au kuutenganisha mpira na trei. Ikibidi kupuliza, tumia shinikizo dogo. Kaa pembeni unapozibua, maana maji yaliyokaa siku nyingi hutoka kwa ghafla na yananuka. Baada ya hapo washa AC gari likiwa limesimama. Katika hali ya hewa ya pwani matone yanapaswa kuanza kuonekana ndani ya dakika chache.

Kuzibua ni nusu ya kazi tu. Chini ya zulia la gari kuna sponji nene inayoshika maji kwa majuma mengi, na vizulia vya mpira vinavyowekwa juu huzuia unyevu usipande. Ikiwa sponji imelowa, lazima zulia liinuliwe, na mara nyingi kiti nacho kitolewe. Chini ya viti vya magari yenye mifuko ya hewa ya usalama kuna plagi za rangi ya njano. Kabla ya kuzigusa, tenganisha betri na usubiri dakika kadhaa, na kama huna uhakika mwachie fundi wa umeme wa magari. Osha zulia na sponji kwa sabuni, suuza, kisha anika juani hadi sponji ikauke hata katikati.

Ikiwa unyevu unaongezeka baada ya mvua na hauna uhusiano na matumizi ya AC, chunguza mipira ya milango, nailoni iliyogundishwa ndani ya mlango nyuma ya kava, gundi ya kioo cha mbele, na shimo la tairi la akiba. Mwombe mtu akae ndani na tochi huku wewe ukimwagilia maji kwa bomba, ukianza chini na kupanda juu taratibu, ili ujue ni kimo gani maji yanapoanza kupenya. Gari lililopita kwenye mafuriko hadi maji yakaingia ndani halihitaji uchunguzi wa namna hii. Linahitaji kuvuliwa mazulia yote.

Evapureta yenyewe

Baada ya filta, feni na mpira kushughulikiwa, ndipo dawa ya kuosha evapureta inapokuwa na maana. Ile inayofaa ni ya povu, iliyotengenezwa mahsusi kwa evapureta za magari, inayouzwa pamoja na mrija mrefu mwembamba. Kuna njia mbili za kuifikisha: kupitia mpira wa kutolea maji kutoka chini, au kupitia nafasi iliyo kati ya feni na evapureta, ambayo katika magari mengi hupatikana kwa kutoa kifaa kidogo kinachodhibiti kasi ya feni. Njia ya kwanza ni salama zaidi kwa vifaa vya umeme. Injini na feni vikiwa vimezimwa, ingiza mrija, nyunyiza huku ukiuvuta polepole, na uache povu lilainishe uchafu kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Povu hugeuka kuwa maji na kushuka lenyewe likiwa limebeba uchafu, na rangi ya maji hayo ndiyo itakayokuambia kama unahitaji kurudia. Kisha fungua vioo vyote, weka joto hadi mwisho, A/C ikiwa imezimwa, injini ikiwaka na feni ikiwa kwenye kasi kubwa, na uache kwa dakika 10 au zaidi. Fanya hivyo nje, kamwe si ndani ya banda, kwa sababu moshi wa ekzosi unaua.

Magari ya familia yenye AC ya nyuma, kama vile Noah nyingi, Alphard na HiAce, yana evapureta ya pili na njia yake ya kutolea maji. Hii husahaulika mno. Gari huoshwa vizuri mbele, na abiria wa nyuma huendelea kulalamika wakaambiwa kwamba wanajidhania tu. Katika jaribio la asubuhi, kaa pia kiti cha nyuma na uwashe feni ya huko peke yake.

Jiki isitumike. Klorini yake hula alumini, na tundu dogo kabisa kwenye evapureta litamwaga gesi yote na kukulazimu kununua evapureta mpya. Siki nayo ni asidi na haifai kuachwa juu ya mapezi, na kuichanganya na jiki hutoa gesi ya sumu. Mashine za ozoni zinazotumiwa na baadhi ya waosha magari zinaweza kupunguza harufu, lakini haziondoi tope wala maji, kwa hiyo uvundo hurudi. Zaidi ya hayo ozoni hudhuru mapafu, hivyo pasiwe na mtu wala mnyama ndani wakati wa kazi, na gari lipigwe hewa vya kutosha kabla ya kupandwa. Kuhusu marashi, nawasihi wenye watoto au wazee wenye pumu wayaache kabisa hadi chanzo kipatikane, kwa sababu yanaongeza kemikali katika hewa ambayo tayari ina vijimbegu vya ukungu.

Harufu ambazo si za uvundo

Harufu tamu kama ya sharubati, pamoja na utando wa mafuta unaonata kwenye kioo cha mbele kwa ndani, hasa unapowasha hita, ni ya kulanti inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita. Maji ya AC hayana rangi na hayanuki, ilhali kulanti huwa na rangi, mara nyingi nyekundu au kijani, na huteleza vidoleni. Ni sumu ikimezwa na watoto au wanyama. Angalia kiwango chake injini ikiwa imepoa, na usiendelee na safari ndefu.

Harufu ya mzoga inayozidi ukichagua hewa ya nje humaanisha panya au mjusi amefia kwenye njia ya hewa. Fungua kava la plastiki chini ya kioo cha mbele, ambako majani ya mwembe na mwarobaini nayo hujazana na kuoza kwa magari yanayoegeshwa kivulini, na usafishe pamoja na matundu ya kutolea maji ya mvua. Harufu ya yai viza hutokana na betri inayochajiwa kupita kiasi au mfumo wa ekzosi. Harufu ya petroli, moshi au waya unaoungua haitafutiwi chanzo njiani: egesha, zima injini, shusha abiria.

Kuuzuia uvundo usirudi

Dakika tatu hadi tano kabla ya kufika, zima A/C uache feni ikivuma kwa kasi na hewa ya nje ikiingia, ili mapezi yakauke. Watu wengi hufanya kinyume, wakizima injini AC ikiwa kwenye baridi kali. Katika mvua za masika hewa ya nje nayo ni mbichi na haikaushi haraka, hivyo mara moja kwa wiki tumia hita, vioo vikiwa wazi. Usiliweke gari kwenye kuzungusha hewa ya ndani siku zote. Tumia hali hiyo penye vumbi na moshi, kisha irudishe.

Evapureta inapolazimika kutolewa

Ikiwa uvundo unarudi ndani ya siku chache baada ya kuosha kwa povu, na mpira unatoa maji vizuri, na sakafu ni kavu, basi tope limeziba kati ya mapezi mahali ambapo povu halifiki. Vilevile, mafuta ya kompresa ya AC, yaani pampu inayosukuma gesi, yanayovuja taratibu kwenye evapureta hushika vumbi na kufanya tabaka linalonata, na hapo ubaridi nao hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Kazi hii inahitaji fundi wa AC mwenye mashine ya kufyonza gesi, si yule anayeifungulia hewani. Kabla hajaanza, kubalianeni kwamba mipira yote ya viungio itakuwa mipya, kichujio cha kukausha gesi kitabadilishwa, mafuta yaliyopotea yatajazwa kwa kipimo, na mfumo utavutwa hewa kwa muda usiopungua nusu saa kabla ya kujazwa gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Omba kuiona evapureta ikiwa mezani kabla haijaoshwa. Ukiona doa la mafuta kwenye kona au kwenye maungio ya mabomba, kuiosha na kuirudisha ni kupoteza gharama ya kuteremsha dashibodi, kwa kuwa itakapoanza kukosa gesi kazi yote itarudiwa. Hapo nunua nyingine.